Mume wangu hasemi kilicho moyoni, na nyumba imekosa maana: nianzie wapi?

SWALI: Nina miaka 38, naishi Kisauni. Ndoa yetu ina miaka 13 na watoto watatu. Mume wangu anafanya kazi ya zamu bandarini Kilindini. Hanipigi, hanitukani, matumizi analeta. Lakini hasemi. Nikimuuliza ana nini, jibu ni "niko sawa" au "nimechoka". Babake alipofariki mwaka jana hakulia; alisimamia maziko mpaka mwisho, hitima ikasomwa, akarudi kazini. Tangu hapo tumbo linamsumbua na kichwa kinamuuma. Amepimwa vidonda vya tumbo na sukari, hakuna kilichoonekana. Mimi naona ananidharau. Mazungumzo yetu yamebaki ni karo, kodi, tokeni za stima na gesi imeisha. Najiuliza tunaishi pamoja kwa ajili gani. Nikianza kuongea nalia, na yeye anatoka kwenda maskani. Nifanye nini?

JIBU: Dada, ahsante kwa kueleza mambo yako bila kuficha. Kwa haya uliyoyaandika, mimi sioni dharau. Anayemdharau mkewe humkatiza, humbeza mbele ya watu, humcheka akilia. Mumeo ananyamaza, anaumwa tumbo, kisha anatoka. Huyo anaelekea zaidi kuwa mtu aliyelemewa na kitu ndani na hana njia ya kukitoa kwa maneno. Inafaa uitenge mapema hali moja na nyingine, kwa sababu dharau huwekewa mipaka, na asiye na maneno husaidiwa kuyapata taratibu. Ukimbana huyu wa pili kwa lawama anazostahili yule wa kwanza, atazidi kujifunga.

Hali hii inajulikana. Mwaka 1973 daktari Peter Sifneos, aliyekuwa akifanya kazi Boston, Marekani, aliipa jina aleksithimia baada ya kuona wagonjwa wengi wenye maradhi ya mwili yasiyoisha ambao walishindwa kabisa kueleza wanahisi nini. Haihesabiwi kuwa ugonjwa. Ni tabia ya mtu yenye viwango, kama vile mwengine ni mkimya na mwengine msemaji. Wataalamu huipima kwa dodoso la maswali 20 lililotungwa Toronto, ambalo alama zake huanza 20 mpaka 100, na anayefika 61 kwenda juu huhesabiwa kuwa na shida kubwa. Dodoso hilo huangalia mambo matatu: kushindwa kuitambua hisia, kushindwa kuieleza, na mazoea ya kuweka fikira zote kwenye mambo ya nje kama kazi, ratiba na vitu. Usimpe mumeo mtihani huo nyumbani. Akishapewa alama na mkewe, hatafungua mdomo tena.

Wengine huzaliwa hivyo, wengine hufanywa hivyo na malezi. Mtoto wa kiume anayeambiwa "jikaze" kila akilia hujifunza kuzuia machozi, lakini mwili wake hauachi kufanya kazi yake. Moyo unakwenda mbio, misuli inakaza, tumbo linasokota. Akiwa mtu mzima anazisikia dalili hizo vizuri kabisa, ila anazisoma kama maradhi tu. Msiba ukija juu ya hayo, huzuni yote hukaa tumboni na kichwani. Kupimwa na kutoonekana kitu hakumaanishi anasingizia, maumivu yake ni ya kweli. Ila arudi hospitali haraka, bila kungoja mambo ya moyoni, akianza kupungua uzito bila sababu, kutapika damu, kupata choo cheusi kama lami, au maumivu yakimwamsha usingizini.

Sasa tazama kinachotokea ukimuuliza "una nini?" Unamdai kazi tatu kwa mpigo: aisikie hisia, aipe jina, kisha aieleze mbele ya mtu ambaye machozi yameshamlengalenga. Hiyo ya kwanza tu hajaiweza. "Niko sawa" ni mlango wa kutokea. Kwa hiyo anza na kile anachokijua, yaani mwili wake.

Kwanza, wakati. Mtu aliyetoka zamu ya usiku usimguse na mazungumzo mpaka awe ameoga, amekula na amelala. Chagua siku mbili au tatu kwa wiki, dakika 10 tu, na zikiisha mwache hata kama mambo yamenoga. Akijua kwamba mazungumzo yana mwisho, hatayaogopa. Msikae uso kwa uso kama watu wa kesi. Kaeni ubavu kwa ubavu kwenye kibaraza, au tembeeni jioni ufukweni Mama Ngina mkiangalia meli zinazoingia. Watu wagumu kusema husema zaidi macho yakiwa na mahali pengine pa kutazama. Simu zote mbili ziwe mbali, na watoto wasiwe wanasikia.

Kisha swali lenyewe. Liwe hivi:

"Leo mwili umekuwaje?"
"Umechoka."
"Wapi zaidi? Kichwani, mabegani, kifuani, tumboni?"
"Mabegani."
"Kutoka sifuri mpaka kumi?"
"Saba hivi."
"Ilianza saa ngapi?"
"Kwenye saa tisa, msimamizi aliponipigia simu."
"Nimesikia. Pole na kazi."

Ishia hapo. Najua utatamani kumuuliza msimamizi alisema nini, na kwa nini hakumjibu. Zuia ulimi. Kwa wiki mbili za kwanza kazi yako ni kupokea tu. Mumeo hapo amekwambia jambo ambalo pengine hajamwambia mtu miaka mingi: kwamba kuna kitu kilimpata saa tisa na mabega yakakaza. Na wewe mjibu kwa kipimo hichohicho: "Mimi leo kifua, sita, tangu mwalimu aliponiita shuleni." Asijione yuko kitandani mwa daktari.

Kuanzia wiki ya tatu, mpe majina ya kuchagua. Usimpe zaidi ya matatu, na kila mara mwachie nafasi ya kukataa: "Hayo mabega ni hasira, ni wasiwasi, au siyo hayo?" Ukiwa huna pa kuanzia, kifua kinachobana mara nyingi huendana na wasiwasi, hofu au huzuni, taya na mabega yaliyokaza na hasira au kero, tumbo joto na fadhaa, mwili mzito usiotaka kuamka na majonzi, unyonge au upweke, uso kuwaka moto na aibu. Hiyo si sheria. Watu wawili wenye hofu moja wanaweza kuisikia sehemu mbalimbali, na ndiyo sababu lazima achague yeye. Kutaja kuna faida hata pasipotatuliwa kitu: mwanasaikolojia Matthew Lieberman na wenzake huko Los Angeles walionyesha mwaka 2007, kwa picha za ubongo, kwamba mtu akiipa hisia jina, sehemu ya ubongo inayopiga kengele ya hatari hupungua nguvu.

Yanayoharibu zoezi hili yanajulikana, na mengi hufanywa na anayesaidia. La kwanza ni kumjibia: "Sema tu umekasirika, mimi nakujua." Ukimjibia, atakubali ili yaishe, na hatajifunza kitu. La pili ni "si nilikwambia". La tatu ni kuuliza "kwa nini", ambalo masikioni mwake ni shtaka. Uliza "lini", "wapi", "kiasi gani". La nne ndilo baya kuliko yote: kulitoa nje. Alichokwambia usiku kikirudi kwake kesho kupitia kwa mamake, dadako au kundi la wanawake la WhatsApp, umefunga mlango huo kwa miaka. Na usimrushie neno lake siku ya ugomvi. Mtu aliyesema "naogopa" Jumatatu, akaambiwa Alhamisi "na wewe mwoga ulisema mwenyewe", hatasema tena, na hana kosa.

Msiba wa babake ushughulikieni kando. Usimuulize kama bado anahuzunika. Muulize vitendo: babake alimfundisha kazi gani ya kwanza, alipenda kula nini, alimpeleka wapi alipokuwa mdogo. Kumbukumbu huvuta hisia zenyewe, na sauti ikibadilika nyamaza, mwekee mkono begani, basi. Akiwa mtu wa kupenda faragha, mwambie kuhusu njia ya kuandika. James Pennebaker, mwanasaikolojia wa Marekani, alianza kuitafiti katika miaka ya 1980: mtu anaandika dakika 15 kwa siku 4 mfululizo juu ya jambo lililomuumiza, bila kujali hati wala sarufi, na hakuna anayesoma. Asiyependa kalamu ajirekodi kwa simu, kisha afute. Usiombe kusikia. Aambiwe mapema kwamba siku ya kwanza na ya pili huenda akajisikia vibaya zaidi kabla ya kutulia. Akizidi kudidimia, aache.

Nije kwako. Machozi yako si kosa. Lakini unapomwambia "nahisi unanidharau", umetoa hukumu, na aliyehukumiwa hujitetea au hutoka. Chimba chini kidogo. Chini ya hukumu hiyo, kwa barua hii, naona upweke, na pengine hofu kwamba umeshazoeleka kama kiti cha sebuleni. Sema hilo, na ulipange hivi: tukio moja, hisia moja, ombi moja. "Jana ulirudi ukaingia kulala moja kwa moja. Nilihisi upweke. Naomba ukirudi ukae nami dakika tano kabla ya kulala." Ombi liwe dogo na la kuonekana kwa macho. "Nataka unijali" halitekelezeki, maana hajui saa ngapi atakuwa amelitimiza. Dakika tano anazijua.

Kuhusu kutoka kwake kwenda maskani, kuna jambo la mwili pia. Maabara za John Gottman, mwanasaikolojia wa Marekani aliyewachunguza wanandoa wakibishana huku wamefungwa vipimo, zilionyesha kwamba moyo ukipita mapigo 100 kwa dakika mtu hasikii tena anachoambiwa. Masikio yapo, akili iko kwenye kujihami. Hesabuni kwa vidole viwili kwenye kifundo cha mkono kwa sekunde 15: ikifika 25 au zaidi, mazungumzo yamekwisha kwa wakati huo. Kubalianeni siku ya utulivu juu ya maneno ya kuondokea, yenye saa ya kurudi: "Nipe nusu saa, nitarudi saa tatu unusu." Mapumziko yasipungue dakika 20, kwa sababu mwili hautulii chini ya hapo. Katika muda huo atembee, aoge au atie udhu, apumue akitoa pumzi kwa muda mrefu kuliko anavyoivuta. Wewe nawe usikae jikoni ukipanga hoja, maana moyo wako hautashuka. Akienda maskani akatafuna muguka au miraa, moyo utaendelea kwenda mbio kwa sababu hivyo ni vichangamsho, na atarudi na kichwa kilekile. Hili mwambie kama habari ya mwili, pasipo mahubiri. Kinachokuumiza zaidi, nadhani, ni kutojua atarudi lini. Saa iliyotajwa na ikatimizwa inatibu sehemu kubwa ya hilo.

Sasa hilo swali lako kubwa, mnaishi pamoja kwa ajili gani. Nimelichelewesha kwa makusudi. Watu wengi wangekwambia mtoke kidogo, mkale samaki Nyali, mkapige picha. Hakuna ubaya, lakini maana hairudi kwa matembezi. Viktor Frankl, daktari wa akili wa Vienna aliyenusurika kambi za Wanazi, alifundisha kwamba binadamu huipata maana kwa njia tatu: kwa kazi au kitu anachokitoa kwa wengine, kwa mapenzi na uzuri anaoupokea, na kwa msimamo anaouchukua mbele ya mateso asiyoweza kuyaondoa. Pima nyumba yenu kwa hizo tatu. Kazi ipo, lakini kila mmoja anafanya yake na hakuna anayeiona ya mwenziwe. Mapenzi yapo, hayasemwi. Mateso yapo, limebebeshwa tumbo la mtu mmoja.

Anza kwa kuzitoa bili mezani. Karo, kodi, tokeni na gesi zipewe dakika 20 kila Jumamosi na daftari lake. Siku nyingine, isipokuwa dharura, linaloingia kichwani linaandikwa kwenye daftari linangoja. Utashangaa mwanzoni kwamba hamna la kusema. Ukimya huo wa wiki ya kwanza usiujaze kwa haraka na wala usiuogope. Umekuwepo miaka, ulikuwa umefunikwa na hesabu tu.

Kisha kila mmoja achukue karatasi yake, aandike majibu ya maswali matatu kwa sentensi mojamoja: ni kitu gani tumekijenga pamoja ambacho nakionea fahari, ni nani nje ya watoto wetu anayetutegemea, ni shida gani tuliibeba pamoja na hatukuvunjika. Someaneni. Asiyesoma hasemi kitu. Kutokana na karatasi hizo chagueni kazi moja ya miezi mitatu, ya wawili, iliyo na siku, saa na kiwango cha pesa. Kwenu nyinyi ningependekeza iwe sadaka kwa ajili ya marehemu baba. Inaweza kuwa tangi la maji kwenye madrasa ya mtaani, maana taabu ya maji Mombasa mnaijua, au chakula cha Ijumaa moja kila mwezi kwa mzee aliye peke yake. Wekeni shilingi 300 au 500 kwa wiki kwenye chombo cha kando, mwende pamoja kuulizia bei ya tangi, mbebe pamoja. Mtu ambaye ulimi wake ni mzito katika huzuni hupata njia kwa mikono, na wewe utakuwa upande wake wakati huzuni hiyo inafanya kazi. Kazi isiwe kubwa kuliko mfuko. Mradi unaoanza kudai mkopo utarudi kuwa bili.

Na shukuru kwa jambo mahususi, kila siku mara moja. "Ahsante kwa kubeba mtungi wa gesi" lina uzito kuliko "ahsante kwa yote". Kwa watu kama mumeo, matumizi yanayofika bila kukosa mara nyingi ndiyo namna yao ya kusema nakupenda. Huna haja ya kutosheka na hilo, lakini lisikie. Unyumba nao huwa mgumu katika hali hii, kwa kuwa mmoja anataka kukaribiana kwa mwili ndipo moyo ulegee, na mwengine anataka moyo usemwe kwanza. Zile dakika 10 huwapa wote wawili pa kukutania. Msifanye moja kuwa malipo ya jingine.

Jipe wiki nane mpaka kumi na mbili. Usitegemee hotuba. Tazama kama anataja sehemu ya mwili kabla hujauliza, kama anasema saa ya kurudi na akarudi, kama siku za kuumwa kichwa zinapungua. Hayo ndiyo maendeleo.

Zoezi hili lina mipaka yake. Ikiwa kwa wiki mbili mfululizo mmoja wenu hali vizuri, halali hata siku zisizo na zamu, hapendezwi na chochote na amekata tamaa, huo unaweza kuwa ugonjwa wa sonona, na unatibika hospitali: Coast General, au Port Reitz kule Changamwe. Hilo ni pamoja na wewe, dada. Swali la "kwa ajili gani" likianza kuwa la kutotaka kuishi, piga 1199, namba ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, siku hiyohiyo, bila malipo. Na pakiwa na kipigo au vitisho, usimfanyie mtu mazoezi ya hisia. Namba ya msaada kwa wanaofanyiwa ukatili wa kijinsia ni 1195.

Mkimhitaji mshauri, Kenya ina sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia ya mwaka 2014, kwa hiyo una haki ya kumuuliza amesajiliwa wapi, ameshughulikia wanandoa kwa muda gani, na kama huwaona wote wawili pamoja. Wazee wa familia na kadhi wana nafasi yao, hasa penye haki iliyovunjwa. Hapa hakuna haki iliyovunjwa, na kikao cha wazee mara nyingi huishia kumtafuta mkosaji, jambo litakalomfunga mumeo zaidi. Akikataa mshauri, usimwambie "twende tukaongee kuhusu ndoa". Mwambie ukweli ulio upande anaouelewa: "Hili tumbo limepimwa na halijapona, na kichwa kinakuuma tangu baba afariki. Twende tukamuulize mtu anayejua uhusiano wa maumivu hayo na msiba." Akikataa hata hivyo, nenda peke yako mara mbili tatu, kisha umwambie kwa ufupi ulichojifunza juu yako wewe, bila kugusa lake.